Kifaa cha mfukoni cha kuhamishia kaseti: kinaifaa sauti ya marehemu?

Nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina bati la biskuti au mkoba wa safari juu ya kabati, na ndani yake mna kaseti. Zimo za taarabu, zimo za mawaidha na maulidi, na zimo barua. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Oman mwaka 1970, jamaa walitawanyika Maskati, Dubai na kwengineko. Simu ilikuwa ghali na karatasi haikutosha maneno. Basi mtu alikaa mbele ya redio kaseti, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akatoa salamu, akamuulizia kila mmoja kwa jina lake, akaeleza nani kaoa na nani kajifungua, na karafuu zimezaaje mwaka huo. Kaseti ikatiwa kwenye bahasha, akapewa msafiri. Wengi wa waliozungumza humo leo wametangulia mbele ya haki.

Picha ya marehemu inatuonesha uso. Kaseti ina pumzi zake, kikohozi chake, kicheko kinachomkatiza kabla hajamaliza neno, na namna alivyokuwa akikuita. Siti binti Saad alifariki 1950 na bado tunamsikia, kwa sababu mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodiwa kwenye santuri. Bibi yenu hakupelekwa Bombay. Rekodi yake ni hiyo kaseti moja ya dakika 60, na haina nakala. Ndiyo maana kifaa cha kuihamishia kwenye kompyuta kinapaswa kupimwa kwa ukali kuliko redio ya kusikilizia nyimbo.

Tunachokipima hapa ni kile kidogo chenye umbo la wokimani: kaseti inaingia ndani, kinatumia betri mbili za AA au umeme wa waya wa USB, kina tundu la hedifoni, gurudumu dogo la kupandisha na kushusha sauti, na waya unaokwenda kwenye kompyuta. Kinauzwa kwa majina mengi, lakini ukivifungua unakuta mashine zinazofanana sana. Mitandaoni bei yake huwa baina ya dola 15 na 30 za Marekani kabla ya gharama za usafiri. Vipo vinavyohitaji kompyuta, na vipo vinavyorekodi moja kwa moja kwenye flashi. Chukua kinachokubali kompyuta.

Hukumu yetu tuitoe mapema, ili mwenye haraka aijue: kwa kaseti nzima ya dakika 60 au 90 yenye mazungumzo, kifaa hiki kinatosha, kwa sharti kirekebishwe kabla ya kutiwa kaseti ya marehemu. Kwa kaseti yenye ukungu, iliyokatika, au ya dakika 120, kisiguse kabisa. Na kikitolewa kwenye boksi na kutumiwa vilevile kilivyo, kitakupa sauti ya mtu asiyekuwa yule mliyemzika.

Kwa nini sauti inatoka si yake

Mkanda wa kaseti una upana wa milimita 3.8 na unapita mbele ya kichwa cha kusomea kwa kasi ya sentimita 4.76 kila sekunde. Kila kitu kinategemea mambo mawili: kichwa kisimame wima sawasawa na kile kilichorekodi, na kasi iwe ileile. Kifaa cha bei rahisi hukosea yote mawili.

Tuanze na kichwa. Kikilala upande hata kidogo, sauti kali hupotea. S, SH na F zinafifia, na mzungumzaji anasikika kama anasemea ndani ya blanketi. Watu wengi husikia hivyo wakadhani kaseti imekwisha kwa uzee, wakakubali faili hilo bovu kuwa ndiyo kumbukumbu. Mara nyingi mkanda ni mzima. Pembeni mwa kichwa mna skrubu mbili. Moja ina springi chini yake, na hiyo ndiyo ya kurekebisha. Kwenye vifaa vingi unaifikia kwa bisibisi ndogo ya saa ukifungua mlango, na vingine vina kitundu maalumu kwa juu. Tia kaseti, vaa hedifoni, sikiliza mahali ambapo mtu anasema maneno yenye S nyingi (salamu za mwanzo zinafaa sana: “assalaamu alaikum” ina kila unachokitafuta), kisha geuza skrubu taratibu, robo mzunguko kwa mbali zaidi, mbele na nyuma, hadi sauti ipate makali yake yote. Kabla hujaigusa, iwekee alama ya kalamu uweze kuirudisha. Zoezi hili lirudie kwa kila kaseti, maana kila moja ilirekodiwa na redio yake, na redio ile nayo pengine ilikuwa imelala kivyake. Bisibisi isiwe na sumaku.

Kasi ni jambo zito zaidi, kwa sababu kosa lake halisikiki kama uharibifu. Mashine ikikimbia kwa asilimia 3, sauti inapanda karibu nusu ya hatua moja ya kinanda, na barua ya saa nzima inaisha karibu dakika mbili mapema. Mgeni hatagundua kitu. Mtoto wa marehemu atasikiliza, atatulia kidogo, kisha atasema huyu amefanana na mama lakini siye. Na kosa linaweza kuwa limeanzia kwenye kurekodi: redio iliyokuwa ikienda kwa mawe (betri) yaliyochoka ilizungusha mkanda polepole, kwa hiyo leo ukiucheza kwa kasi sahihi sauti inatoka nyembamba na ya haraka, na inazidi kuwa hivyo kadiri mawe yalivyokuwa yakiisha.

Iko njia ya kulipima hili bila kifaa chochote cha ziada. Redio iliyorekodi ikiwa imechomekwa kwenye umeme wa ukutani, aghalabu iliuacha mvumo wa umeme ndani ya mkanda. Umeme wa Zanzibar ni wa hezi 50, na wa Oman na Dubai ni hivyohivyo. Chagua mahali mzungumzaji aliponyamaza kwa sekunde mbili tatu, fungua chombo cha kuchambua masafa ndani ya Audacity (programu ya bure, na kwa kazi hii haina haja ya nyengine), weka ukubwa wa 65536, kisha tafuta kilele karibu na hezi 150, ambacho ni mvumo uleule mara tatu na ni rahisi kusomeka. Kikiwa kwenye 150, kasi ni sawa. Kikiwa kwenye 154.5, sauti inakwenda mbio kwa asilimia 3. Punguza kasi kwa kiasi hicho ndani ya programu, na hapo unasahihisha kosa la kifaa chako na la redio ya zamani kwa pamoja. Mkanda ukiwa unapanda taratibu kwa sababu ya mawe, hautakuwa na mvumo. Hapo kata rekodi vipande vya dakika tano tano, mkalishe mtu aliyeishi na marehemu, na umfuate yeye.

Tahadhari moja: mvumo usiobadilika hata ukisimamisha kaseti ni wa chumba chako, si wa mkanda. Chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri ya laptopu peke yake, kisha pima tena. Kuchomoa chaja kunasaidia pia kuondoa ule mlio mwembamba kama wa mbu unaoingia kupitia waya wa USB.

Kabla kaseti haijaingia

Usianze na kaseti ya marehemu. Anza na ya nyimbo isiyo na thamani, icheze pande zote mbili hadi mwisho, uone kama kifaa hakili mkanda. Vifaa vingi vya aina hii hugeuza upande vyenyewe kwa kuhisi mvuto mkanda unapofika mwisho, na mvuto huo ni mkali kwa mkanda mwembamba. Kaseti ya dakika 60 ina mkanda wenye unene wa takriban mikroni 16 hadi 18; ya 90 ni kama 12; ya 120 ni 9 tu, na hiyo hunyumbuka au kujisokota kwenye roda ya mpira. Ndiyo sababu tumesema ya 120 isiingizwe humu.

Kisha iangalie kaseti yenyewe kwenye mwanga, kupitia kidirisha chake. Unachokitafuta ni unga mweupe au wa kijivu kwenye kingo za mkanda. Huo ni ukungu, na kwa hewa yetu ya visiwani ni ugonjwa wa kawaida, hasa kwa kaseti zilizopitiwa na masika mengi ndani ya mfuko wa nailoni. Kaseti yenye ukungu ikichezwa huchafua kichwa, kichwa kikachafua kaseti inayofuata, na mbegu za ukungu zikatapakaa kwenye mkusanyiko mzima. Itenge peke yake. Itie kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vingi na vikavu, uiache wiki nzima. Mchele ambao watu huutumia kwa simu zilizoingia maji haufai hapa, kwa kuwa una vumbi lake. Ukungu ukishakauka na kuwa unga, kazi ya kuupangusa hufanyiwa nje ya nyumba, mtu amevaa barakoa, na ni bora aifanye fundi aliyezoea.

Angalia pia kipamba kilicho katikati ya mdomo wa kaseti, kile kinachokaa nyuma ya mkanda juu ya kijibati cha shaba. Gundi yake hukauka, kipamba kikadondoka, na hapo mkanda haukandamizwi kwenye kichwa; sauti huja na kuondoka kama redio ya masafa mafupi usiku. Dawa yake ni kuhamisha mkanda kwenye gamba jengine. Gamba lenye skrubu tano pembeni hufunguka. Lililogandishwa linahitaji kupasuliwa kwa uangalifu kwenye mshono. Laza kaseti mezani, nyanyua nusu ya juu polepole, piga picha kabla ya kugusa chochote, kisha hamisha roda zote mbili za mkanda kwa pamoja zikiwa zimekaa vilevile, kwenye gamba la kaseti nyengine ya skrubu iliyo nzima. Hiyo ni kazi ya robo saa kwa mkono uliotulia.

Mkanda uliokatika huungwa kwa utepe maalumu wa kuungia kanda, upande wa nyuma, yaani ule unaotazama ndani ya kaseti. Upande unaotazama nje ndio wenye sauti. Selotepu ya dukani isitumike hata kwa dharura: joto letu huifanya gundi itokeze pembeni na kuganda kwenye kichwa na kwenye mzunguko unaofuata wa mkanda. Tumeona kaseti nzima zilizopotea kwa sentimita mbili za selotepu iliyowekwa kwa nia njema.

Vunja vile vijimeno viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti. Bila vijimeno, redio yoyote haiwezi kurekodi juu yake. Kisha isuke upya: peleka mkanda hadi mwisho na urudishe mwanzo, polepole, kwa redio kaseti nzima au kwa peni ya Bic, ambayo pembe zake sita hushika vizuri meno ya roda. Mota ya kifaa hiki kidogo ni dhaifu kwa kazi hiyo. Kusuka kunalegeza mizunguko iliyogandana na kunapunguza ule mwangwi unaotangulia neno, unaotokana na mzunguko mmoja wa mkanda kuuachia alama wa jirani yake kwa miaka mingi.

Safisha njia ya mkanda kila baada ya kaseti mbili tatu. Kichwa na kile kijiti cha chuma kinachozunguka hupanguswa kwa pamba ya masikio na spiriti. Ya duka la dawa ya asilimia 70 inafanya kazi, ila isubiri ikauke kabisa kwa sababu ina maji. Roda ya mpira isafishwe kwa maji na sabuni kidogo, kwa vile spiriti huikausha ikapasuka.

Kurekodi

Kwenye Audacity weka kiwango cha kuchukua sampuli za sauti kiwe hezi 48,000. Jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, inapendekeza angalau hizo, pamoja na biti 24. Vifaa vingi vya aina hii hutoa biti 16 tu, kwa hiyo ukiandika 24 hakuna kinachoongezeka. Kwa mazungumzo yaliyorekodiwa nyumbani, 16 zinatosha. Saa moja ya faili la WAV (sauti isiyobanwa) lenye kushoto na kulia itachukua takriban megabaiti 690. Hesabu nafasi kabla, usije ukakwama katikati ya upande A.

Kifaa hakina kipimo cha ukubwa wa sauti, basi tumia cha programu. Gurudumu lianzie katikati. Icheze sehemu yenye sauti kubwa kabisa: kicheko, mtoto anayelia karibu, au jogoo. Kilele kiishie kwenye desibeli 6 chini ya sifuri. Kikigonga sifuri, sauti inapasuka, na hakuna programu itakayoirudisha. Ikiwa ndogo kidogo, unaikuza baadaye bila hasara kubwa.

Redio kaseti nyingi za zamani zilirekodi kwa maikrofoni moja, na sauti ikatanda kwenye upana wote wa njia. Kifaa hiki husoma kushoto na kulia mbali mbali. Rekodi upande wa kushoto na wa kulia kwa pamoja, kisha sikiliza mmoja mmoja. Mara nyingi upande wa ukingoni umechakaa na wa ndani ni msafi. Chukua ulio bora peke yake. Ukizichanganya ilhali kichwa hakijakaa sawa kabisa, zinafutana kwenye sauti kali na unarudi kwenye blanketi lile.

Sasa ile njia ya flashi. Vifaa vinavyorekodi bila kompyuta vinavutia, kwa sababu mtu yeyote anaweza kubonyeza. Lakini hutoa MP3 iliyobanwa, havikuoneshi ukubwa wa sauti, na vingi vina tabia ya kukata faili kila vinaposikia kimya, kwa kudhani wimbo mmoja umekwisha na mwengine unaanza. Barua ya sauti imejaa kimya. Mtu anafikiri, anafuta machozi, anasubiri gari lipite nje. Unapata vipande 40 visivyo na mpangilio, na baina ya kipande na kipande neno limekatwa. Kama huna kompyuta, tumia njia hii kwa maulidi na taarabu tu, au tafuta kwenye maelekezo namna ya kuzima ukataji huo.

Kusafisha kelele kwa programu kufanyike kwenye nakala, na kidogo: desibeli 6 zinatosha. Zaidi ya hapo sauti inaanza kutoa mlio wa maji na bati. Faili la kwanza, lenye mchakacho wake wote, liwekwe lisiguswe. Siku moja programu zitakuwa bora kuliko za leo.

Kifaa hiki, redio ya zamani, au duka?

Ukweli ni kwamba deki nzuri ya zamani inakishinda kifaa hiki kwa mbali. Ina gurudumu zito linalozunguka ndani, na uzito huo ndio unaotuliza mkanda. Kifaa cha mfukoni kina kigurudumu kidogo, kwa hiyo sauti ndefu, kama mtu akivuta kisomo, inayumba. Kwa kaseti ya marehemu akisoma Qur'ani au maulidi, kuyumba huko kunasikika na kunaumiza. Kwa kisomo tafuta deki. Tatizo la deki ni ukanda wa mpira wa ndani: kwa joto letu huyeyuka ukawa kama lami. Fundi redio anayeijua kazi hiyo ataisafisha lami yote kwanza, kisha atapima ukanda mpya kwa urefu na unene. Ukanda wa kubahatisha unaleta kuyumba kulekule ulikokuwa ukikukimbia. Deki ikipona, sauti hutolewa kwenye matundu yake ya nyuma kuingia kwenye kompyuta, si kwa kuweka simu mbele ya spika.

Maduka ya kuhamisha kanda ni njia ya tatu, na kwa mwenye kaseti tatu tu pengine ni rahisi kuliko kununua chochote. Uliza mambo haya kabla ya kuiacha kaseti: Je, wanatoa WAV au MP3 peke yake? Wanarekebisha kichwa kwa kila kaseti? Faili la kabla ya kusafishwa unapewa? Nakala iliyobaki kwenye kompyuta yao inafutwa lini, na mbele ya nani? Wakikujibu kwamba “mashine inafanya yenyewe”, chukua kaseti zako. Na usikubali kaseti zichanganywe kwenye mfuko mmoja na za wateja wengine. Ziandikie namba kila moja, na upewe karatasi yenye namba hizohizo.

Swali la faragha si dogo. Barua hizi zilisemwa kwa mtu mmoja. Ndani yake mna nani kaachwa, nani kagombana na wifi yake, nani hakutuma pesa za matibabu. Baadhi ya waliotajwa wako hai na wamo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mtu mmoja mzima anayeaminika na familia, shangazi au mjomba, asikilize kwanza hadi mwisho peke yake, ndipo iamuliwe kipande gani kitolewe kwa watu na kipi kibaki kwa watoto wa marehemu. Mjane aliye edani asipelekewe ghafla. Miezi minne na siku kumi ni mingi, kaseti itamsubiri hadi mwenyewe aiombe. Familia nyengine hungoja khitma ya arubaini ipite ndipo zisikilize pamoja, na huo ni utaratibu mzuri, kwa vile siku za matanga nyumba imejaa wageni.

Anayesikiliza mwanzo awe na kalamu. Marehemu akitaja deni au amana, iwe yake kwa mtu au ya mtu kwake, andika dakika na sekunde na umpelekee msimamizi wa mirathi. Deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa.

Kupanga tarehe kunachukua muda na kunalipa. Jalada likiandikwa “Shaaban 1407”, hiyo ni Aprili 1987. Lisipoandikwa kitu, sikiliza. Akisema Mzee Mwinyi kawa Rais wa Muungano, ni Novemba 1985 au baada yake. Mtoto aliyezaliwa, nyumba iliyoezekwa, msimu wa karafuu: kila kimoja kina mtu anayeukumbuka mwaka wake. Jina la faili libebe jina la mzungumzaji, mahali, mwaka na upande, kwa mfano: Bibi_Wete_1985_A. Ukiandika maneno yake kwenye karatasi, yaandike kama alivyoyatamka. Kipemba chake, Kitumbatu chake au Kimakunduchi chake kisisahihishwe kikawa Kiswahili cha skuli. Wajukuu waliokulia ng'ambo watakuja kukitafuta humo.

Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja nje ya kisiwa. Jamaa wa Maskati au Dubai ambao barua zilikwenda kwao au zilitoka kwao ndio wa kwanza kupewa hiyo ya tatu. Kwa WhatsApp itumwe kama hati, isitumwe kama ujumbe wa sauti, la sivyo inabanwa upya. Kaseti zenyewe zisitupwe. Zisimamishwe wima ndani ya makasha yao, kwenye chombo kinachofunga chenye vipakiti vya kukausha, mbali na dari la mabati na mbali na spika kubwa.

Na wakati wa kurekodi, usizime pale anaposema “wassalaam”. Kaseti zilikuwa hazipatikani ovyo, na watu walirekodi juu ya zilizokwishatumika. Barua inakwisha, unakuja mkwaruzo mfupi, kisha mara nyingi inaibuka iliyokuwepo kabla yake: nusu ya wimbo, taarifa ya habari ya redio, au barua ya mtu mwengine, aliyefariki zamani zaidi, ambaye nyumba nzima haikujua kama sauti yake ipo. Acha mkanda ukimbie hadi usimame wenyewe, upande A, kisha upande B.